Uzi wa Kasigau

Ukitoka Lushoto kwenda popote, kwanza utashuka Mombo, na ukishuka Mombo utaukuta mkonge. Sisi wa milima ya Usambara tumeuzoea tangu utotoni: mistari iliyonyooka mpaka macho yachoke, mngurumo wa korona, mtambo wa kukamua majani ya mkonge, na harufu ya majani yaliyosagwa inayoingia ndani ya basi hata madirisha yakiwa yamefungwa. Babu yangu mzaa mama alikuja kutoka Songea kama manamba, akakata mkonge Korogwe miaka mingi, akaoa kwetu na akazikwa kwetu. Hata hivyo sikumbuki kumwona mtu yeyote wa ukoo wetu akiketi barazani na fungu la mkonge akasokota uzi wake kwa matumizi yake. Kwetu mkonge ni mali ya shamba. Unaingia korona ukiwa majani, unatoka robota, unapelekwa bandarini Tanga. Aliyeukata hununua kamba dukani.

Ndiyo maana safari ya Taita Taveta imenikaa moyoni. Nilikwenda kumtembelea binamu yangu aliyeolewa Voi, nikarudi na mawazo mengi juu ya uzi na bei yake, na juu ya kazi ambazo sisi wanawake huzianza na kuziacha njiani.

Mimi ni mfumaji. Lushoto ina baridi ya kutosha kumlisha mtu mwenye sindano mbili na subira, na masweta ya watoto wa shule ndiyo yanayonilipia pango. Lakini kila mfumaji ana mfuko wa kazi zilizolala. Wangu niliuchukua safarini nikitumaini kuupunguza: sweta la kijani lililokosa mkono mmoja, soksi isiyo na mwenzake, na shali nyeupe niliyoianza kwa ajili ya mtoto ambaye sasa anakimbia na kupanda miti. Sababu ya kulala kwao karibu ni moja: uzi ulikwisha. Viwanda hutia rangi kwa mikupuo, na bunda la mkupuo mwingine, hata likiwa na namba ile ile ya rangi, ukiliweka juani kando ya la zamani unaona tofauti. Basi kazi inangoja. Unaanza nyingine, nayo inangoja. Katika mfuko huo huo kulikuwa na kijiti changu cha kusokotea pamba, ufundi niliofundishwa na mzee mmoja mfuma vitambaa, ambao huwa naufanya jioni kutuliza akili.

Taveta inakupokea kwa ndizi. Ukivuka tu mpaka wa Holili unaziona zimepangwa chini, zimepakiwa kwenye malori, zimebebwa vichwani, na Kilimanjaro uliyemzoea kwa upande wako anakutazama kwa upande mwingine. Kisha migomba inakoma ghafla, nchi inakuwa kavu, na mkonge unarudi. Ewart Grogan, Mwingereza aliyepata jina kwa safari yake ya kutoka kusini mwa Afrika mpaka Cairo, alilima mkonge sehemu hizi na kujenga nyumba juu ya kilima inayoonekana mpaka leo. Mbele kidogo ni kilima cha Salaita. Hapo, tarehe 12 Februari 1916, askari wa Kijerumani, wengi wao Waafrika waliotoka upande wetu wa mpaka, waliwarudisha nyuma askari wa Afrika Kusini waliokuwa wakipigania Uingereza. Reli kutoka Voi ililetwa huku kwa ajili ya vita hivyo vya kwanza vya dunia. Sasa inalala kwenye nyasi sambamba na lami.

Mwatate nilishuka nikasimama kando ya barabara kuangalia shamba la Teita, moja ya mashamba makubwa kabisa ya mkonge duniani. Nilijisikia nyumbani, na huzuni ya nyumbani pia ikanijia. Mkonge wote wa kwetu ulianza na miche aliyoagiza Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Ilitoka Florida, miche elfu moja, na iliyofika Pangani ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka miche hiyo Tanganyika ikawa ya kwanza ulimwenguni, na mwaka 1964 tulivuna kiasi cha tani 230,000. Kisha kamba za plastiki zikaja, bei ikaanguka, na mashamba mengi ya Korogwe na Muheza yakaachiwa vichaka. Shamba la Mwatate linaendelea. Magari yanapita na majani, nyuzi nyeupe zimeanikwa kwenye nyaya mpaka upeo wa macho, na ukiuliza utaambiwa jambo ambalo mtu wa Tanga analijua kwa pua yake: katika kila kilo mia za majani, nyuzi ni kama kilo nne tu. Zilizobaki ni maji na makapi.

Voi ni joto na vumbi jekundu. Ni mji wa njia panda tangu reli ya Uganda ilipopita mwishoni mwa karne ya 19, na ilipokuja reli mpya mwaka 2017 uliendelea na kazi yake ya zamani, kuwalisha wapita njia. Binamu yangu amekuwa mtu wa huko kabisa. Alinipikia kimanga, mihogo iliyopondwa pamoja na maharage mpaka vikashikana, na akasimama kunitazama nikila kama mama yetu mkubwa alivyokuwa akitutazama tukila makande. Nilimwambia ukweli, kwamba kimanga ni kitamu kuliko makande ya kwetu kwa sababu hakikuachii kazi ya kutafuna. Mama mkwe wake, aliyekuwa amekuja kutoka Kasigau kwa matibabu ya macho, alicheka. Alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, miguu ameinyoosha, leso ameipandisha juu kidogo ya goti, na mkono wake wa kulia ulikuwa ukienda na kurudi juu ya paja.

Niliacha sahani.

Nieleze vizuri alichokuwa akifanya, maana nilikitazama kwa muda mrefu kabla ya kukielewa. Alichukua nyuzi chache za mkonge kwa mkono wa kushoto, akazigawa mafungu mawili membamba, akayalaza kwenye paja yakiwa yameachana upana wa kidole. Kiganja cha kulia kikasukuma kwenda mbele, kuelekea gotini, na kila fungu likajisokota peke yake. Kisha, bila kuinua kiganja, akakivuta kurudi, na mafungu yale mawili yakakumbatiana kwa mwelekeo wa kinyume. Kwenda na kurudi mara moja, na kipande cha uzi wa nyuzi mbili kilikuwa tayari, kimejifunga chenyewe, hakifumuki hata ukikiachia. Nikiwa na kijiti changu cha pamba, kazi hiyo ni safari mbili: nasokota uzi mmoja mmoja, nauzungusha, naupumzisha, halafu naurudia kuuunganisha. Mama huyu alikuwa akimaliza yote katika pumzi moja, huku akiuliza habari za barabara ya Holili.

"Shikamoo mama," nikasema, kwa kuwa nilikuwa nimemwamkia mara ya kwanza kwa haraka. "Naomba unifundishe."

"Marahaba mwanangu. Lakini huo mguu wako una malaika," akasema, akinyoosha kidole kwenye vinyweleo vya paja langu. "Utalia."

Nywele zilinyofoka kweli. Paja lake yeye lilikuwa laini na gumu, ngozi iliyong'arishwa na miaka ya uzi. Jambo lililonisumbua zaidi lilikuwa tabia ya nyuzi zenyewe. Pamba ni fupi, basi unaivuta. Inateleza kidogo kidogo kutoka vidoleni na uzi unazaliwa kwenye mvuto huo. Mkonge ni mrefu kama mkono wa mtu, hauvutiki. Ukiuvuta unakukatalia. Unatakiwa kuulisha: fungu moja likikaribia kwisha, unalaza nyuzi mpya juu ya mkia wake, unasokota zote pamoja, na unahakikisha mafungu mawili hayaishi mahali pamoja, maana hapo uzi utakatika siku kikapu kitakapojazwa mahindi. Mikono yangu ilijua kuvuta tu. Mama alinishika kiganja na kukirudisha, tena na tena, bila kusema kitu.

Siku zilizofuata tulikwenda kwake. Kutoka Voi unafuata barabara ya Mombasa mpaka Maungu, kisha unaacha lami na kuingia nyika. Mbuyu mmoja hapa, mwingine pale, na chini yake mkonge mwitu, ule mweusi wenye majani magumu yaliyochongoka, umeota kwa makundi. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na Wazungu walioweka mitambo hapo Voi ili kuukamua mkonge huu wa porini, kabla mkonge wa mashamba haujashinda. Njiani mama alimwomba dereva asimame. Kando ya njia kulikuwa na vidonge vikavu vya nyuzi, kila kimoja kikubwa kuliko ngumi, vyeupe kwa jua. Ndovu hutafuna mkonge mwitu wakati wa kiangazi ili wapate maji yake, wakishafyonza hutema nyuzi. Mama aliokota kidonge kimoja, akakichambua kwa vidole, akanipa. Nyuzi zilikuwa safi, hazina nyama hata kidogo. Nilizisokota garini mpaka tukafika. Ni laini kuliko mkonge wa shamba, nyembamba zaidi, na zinatii.

Mlima Kasigau unasimama peke yake katikati ya nyika, zaidi ya mita 1,600, na kileleni una msitu unaoshika mawingu. Vijiji vimeuzunguka chini: Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi, Kiteghe, Ngambenyi. Johannes Rebmann alifika hapa mwaka 1847, miezi kadhaa kabla hajauona Kilimanjaro na theluji yake. Lakini historia ambayo watu wa Kasigau wanaisimulia bila kuulizwa ni nyingine. Mwaka 1915, baada ya Wajerumani kuuteka mlima huu, Waingereza waliwatuhumu wenyeji kuwa waliwasaidia adui. Waliwakusanya, wakawaondoa wote, wakawapeleka Malindi. Watu wa mlimani walishushwa kwenye joto na mbu wa pwani, na wengi walikufa kwa malaria. Waliosalia hawakurudi mpaka miaka ya 1930. Nilisikiliza nikijua kwamba Wajerumani hao walitoka kwetu.

Bibi yake mama alizaliwa huko uhamishoni. Alirudi akiwa msichana, na alichokuja nacho, mama anasema, ni kusokota, kwa sababu mama yake alimfundisha huko kwa nyuzi zozote alizozipata. Ndani ya nyumba ya mama kuna kikapu cha bibi huyo kinachoning'inia kwenye boriti. Hakikufumwa kwa mkonge. Ni cha gamba la ndani la mbuyu, lile linalobanduliwa kwenye shina, na mti ukapona na kujivika upya. Rangi yake ni ya hudhurungi iliyoiva, na ukikishika ni chepesi na laini kama kitambaa kilichofuliwa sana. Nilipewa kipande cha gamba nijaribu. Hilo lina tabia ya tatu kabisa: lazima lipondwe, lilowekwe, lichanwe kwa kucha, na ukilisokota likiwa kavu linapasuka. Likiwa na unyevu linaingia lenyewe kwenye umbo. Mama alisema siku hizi hakuna anayelihangaikia. Mkonge unapatikana uani.

Kazi ya mkonge wenyewe nitaipita haraka, ingawa ndiyo ngumu. Jani linachanwa vipande, linalazwa kwenye ubao, linakwanguliwa kwa panga butu mpaka nyama ya kijani itoke. Maji yake yanawasha mpaka kwenye viwiko. Nyuzi zinaoshwa, zinaanikwa, zinachambuliwa. Baadhi zinatiwa rangi ndani ya sufuria kuukuu, kwa mizizi na maganda ya miti au kwa unga wa rangi wa dukani. Hapo bado hujaanza kusokota.

Jioni moja kikundi cha kina mama kilikutana chini ya mti. Kila mmoja alikuja na kikapu chake kikiwa katika hatua yake: kitako tu, nusu, kilichobaki ukingo. Nikafurahi kuona kwamba nao wana kazi zilizolala. Kimoja kilianzwa kabla ya mvua za mwaka uliopita. Mwenyewe alikiweka akaenda kulima pojo, kisha mtoto akaugua, kisha kukawa na msiba. Hakuwa na haya nacho hata kidogo. Nilimwuliza kama haogopi uzi utamwishia na rangi kutolingana. Alinitazama, akaonyesha paja lake, na wenzake wakaangua kicheko. Nikaelewa. Uzi wa kikapu kile hauwezi kwisha maadamu mkonge upo uani na mguu upo mwilini. Rangi ikitofautiana, inakuwa mstari. Kazi yake inalala kwa sababu ya shamba, ugonjwa na msiba, na siku ikiamka itaendelea pale pale. Zangu hulala kwa sababu kiwanda kilichoko mbali kimebadili sufuria.

Kisha vikapu vilivyokamilika vikapimwa. Wanunuzi wao huviuza Nairobi na ng'ambo, kwa hiyo vipimo lazima viwe sawa: upana wa mdomo, kina, idadi ya rangi. Katibu wa kikundi, binti mwenye daftari na rula, aliandika kila kitu kwa mwandiko mzuri. Bei inapangwa kwa ukubwa na urembo. Nikasubiri nisikie mahali ambapo uzi unahesabiwa. Haukuhesabiwa. Nikamwuliza mama kikapu kama kile cha wastani kinachukua muda gani.

"Kufuma? Wiki, ukikaa nacho."

"Na uzi wake?"

Akafikiri. "Uzi ni zaidi. Lakini uzi nausokota nikiwa nimepumzika."

Jibu hilo limenikera tangu siku ile, na kero yangu haimhusu yeye. Nimemwona akiwa "amepumzika": anasokota akiangalia chungu, anasokota akisubiri gari, anasokota kwenye foleni ya daktari wa macho, na mwanamume akipita anaishusha leso kufunika goti bila kuukata uzi. Zaidi ya nusu ya kazi ya kikapu inafanyika kwenye saa ambazo hakuna mtu anaziita kazi, hata mwenyewe. Mnunuzi anaona nakshi na analipia nakshi. Daftari lina safu ya upana, safu ya kina, safu ya rangi. Mimi ninapouza sweta najua kabisa uzi umenigharimu kiasi gani, kwa sababu nilitoa fedha dukani nikarudishiwa chenji. Ningekuwa nausokota mwenyewe, nina hakika ningekuwa nimeusahau vivyo hivyo. Nilimwambia katibu aongeze safu moja kwenye daftari lake, siku za kusokota, hata kama kwa sasa hakuna atakayezilipia. Alisema atawauliza wenzake. Natumaini aliwauliza.

Mjukuu wa mama, msichana wa sekondari aliyekuwa nyumbani kwa likizo, aliiona shali yangu nyeupe. Aliishika kwa namna wafumaji wanavyoshika kitu cha mwingine, akigeuza upande wa ndani kwanza.

"Shangazi, hii utaimaliza?"

Nikamwambia mtoto niliyemwanzia amekua.

"Basi nipe uzi."

Tukaifumua pamoja, yeye akivuta na mimi nikikunja, mpaka shali yote ikawa donge mkononi mwake. Kesho yake tayari ilikuwa imeingia kwenye kikapu alichokuwa akifuma, mistari miwili myeupe kati ya mkonge mwekundu. Ilipendeza, siwezi kusema vinginevyo. Vijana wengi wanapenda uzi wa dukani: una rangi za kung'aa, hauchubui, na hauhitaji paja. Mama hakubishana naye. Alichukua kikapu kingine kilichofumwa chote kwa uzi kama ule, akakitia mahindi kidogo, akakiinua. Tumbo lilishuka. Akakishusha, akarudi kwenye mkeka wake.

Uzi wa shali ile, kama karibu nyuzi zote ninazofumia, umetokana na mafuta ya petroli, kama zilivyo kamba za plastiki zilizouangusha mkonge wa babu yangu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, nasi Tanzania tukafuata Juni 2019, na wengi tulidhani vikapu vitarudi sokoni kwa nguvu. Sokoni Voi niliona watu wakibeba nyanya kwenye mifuko ile myepesi ya kitambaa cha kiwandani ambayo haifiki mwezi wa pili. Kikapu cha Kasigau kinasafiri kwenda Ulaya kuwekwa maua.

Sisi watu wa pwani na jirani zake tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini, maana limewahi kutupata. Kilwa ya zamani ilisokota pamba yake. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, uzito wa vijiti vya kusokotea. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 alisifu nguo zilizofumwa huko, zilizokuwa zikipelekwa mpaka Misri. Kisha, karne ya 19, baada ya Sayyid Said kufunga mkataba na Wamarekani mwaka 1833, nguo ya merikani ikamwagika Unguja, ikapanda misafara, ikafika Taveta na mbali zaidi. Ilikuwa nzuri, ilikuwa rahisi, na vijiti vya kusokotea vikapotea hivi kwamba mimi, mtu wa mkoa wa Tanga, nilipotaka kujifunza kusokota pamba nilimtafuta mwalimu kwa miaka. Pale Kasigau mnyororo haujakatika. Uzi wa nguo ulikufa kwenye miji yetu mikubwa yenye misikiti ya mawe, na uzi wa kikapu ukaendelea kuishi kwa watu waliofukuzwa kwao na kurudi mikono mitupu.

Kabla ya kuondoka nilipanda Wundanyi. Barabara inajikunja kutoka Mwatate, na kila kona inashusha joto, mpaka ghafla uko Lushoto: matuta ya mboga, vijito, ukungu, watoto wenye mashavu makavu kwa baridi. Milima ya Taita na ya Usambara ni ya safu moja ya kale, na misitu yao ina mimea ya ukoo mmoja. Lile ua dogo la zambarau ambalo mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilichukua Usambara mwaka 1892, na ambalo sasa liko kwenye madirisha ya nyumba dunia nzima, lina ndugu yake anayeota porini Mbololo tu.

Nilikuta pia jamaa yangu wa kazi, dada anayefuma masweta ya shule kwa mashine ndani ya kibanda karibu na soko. Ukutani ameandika bei kwa ukubwa, na mezani ana mizani ya kupimia uzi kwa gramu. Kwenye rafu yake kulikuwa na masweta yasiyo na mikono, yamekunjwa vizuri, kila moja na kikaratasi cha jina: wazazi waliotoa kianzio Januari na hawajaja na salio. Tulizungumza kwa furaha kubwa, maana magonjwa yetu ni mamoja. Mitumba imemla, alisema, sweta la mtumba ni bei ya uzi wake kabla hajaugusa. Nilimwonyesha uzi niliosokota Kasigau. Akaunusa, akauvuta kwa mikono miwili, akasema bibi yake alikuwa nao mikononi siku zote, na yeye hakujifunza kwa kuwa alipelekwa chuo cha ufundi kujifunza mashine. Akaupima kwenye mizani. Akabaki akiutazama ule mshale, akahesabu kimya kimya, akasema, "Ningekuuzia huu, ungenikimbia."

Siku ya mwisho nilipitia soko la Voi kutafuta mkonge uliochambuliwa wa kurudi nao. Kwenye kona ya wauza ungo na mikeka alikuwepo nyanya mmoja mzee sana, macho yake yamefunikwa na ukungu. Hakuwa na vikapu. Alikuwa na madonge ya uzi uliosokotwa, mengi, na alikuwa akiendelea kusokota. Alinieleza kwamba hawezi tena kufuma, haoni nyuzi zinapopishana, lakini mguu hauhitaji macho. Wanaomnunulia ni wasichana wanaojua kufuma na hawataki kusokota. Anauza kwa pima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa.

Nikiwa pale alikuja msichana mrefu, akataka pima arobaini, na akajitolea kupima mwenyewe. Nyanya akamnyang'anya donge. Uzi, alisema, unapimwa kwa mikono ya aliyeusokota. Msichana akasema mikono ya nyanya imekuwa mifupi kwa uzee. Watu wakacheka, nyanya naye akacheka, lakini donge hakuliachia. Akaniomba mimi nimhesabie, kwa kuwa akizungumza huku akipima hupoteza hesabu. Nikahesabu kwa sauti. Tulipofika arobaini msichana akaomba nyongeza, na nyanya, ambaye ni mtu mkarimu, akampimia nusu pima zaidi.

"Andika na hiyo," akaniambia.